Juu ya Kuondoa Mafaili Sugu ya Kanzidata katika Unix, pamoja na Maelezo ya Neno "Kufuta"

Kazi ya kukusanya maneno ya mwambao siku hizi haiishi katika daftari. Mtafiti akirudi kutoka Bagamoyo, Kaole, Mlingotini au Saadani na sauti za wazee, huzitia katika mashine, na mashine huzihifadhi katika kanzidata. Ndivyo ilivyokuwa kwa kazi kubwa iliyofanywa tangu mwisho wa miaka ya 1980 na Chuo Kikuu cha Helsinki pamoja na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, ambayo sasa imo ndani ya TATAKI; na ndivyo ilivyo kwa mkusanyo wa matini wa Helsinki, ambao toleo lake la mwaka 2004 lilikuwa na maneno yapatayo milioni 12.5. Basi mwanazuoni wa lugha, apende asipende, amekuwa mtunza ghala. Na mtunza ghala hana budi kujua si namna ya kuweka tu, bali namna ya kuondoa pia.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja dogo ambalo huwasumbua watunzaji hao: faili la kanzidata linalokataa kuondoka katika mfumo wa Unix, au linaloondoka kwa jina huku nafasi yake isirudi. Tutaona kwamba nusu ya tabu hii ni ya mashine, na nusu ni ya lugha. Maana neno tunalotumia, yaani kufuta, huahidi jambo ambalo mashine haikusudii kulifanya.

1. Maana mbili za kufuta

Kufuta katika mazungumzo ya kila siku kuna maana mbili zilizo karibu, lakini si moja. Mwalimu hufuta ubao: chaki iliyokuwapo sasa haipo, na hakuna mtu awezaye kuisoma tena. Hakimu naye hufuta kesi: lakini jalada la kesi halichomwi. Hubaki masjala na namba yake. Vivyo hivyo tajiri akimfutia mtu deni, fedha zilizokopwa haziondoki duniani. Kinachoondoka ni dai lililoandikwa daftarini.

Tuiite maana ya kwanza kufuta kwa ubao, na ya pili kufuta kwa masjala. Msomaji wa kawaida akiona neno "futa" katika kioo cha kompyuta, huelewa ile ya ubao. Unix hufanya ile ya masjala. Kosa hili halikutokana na watafsiri kukosa ujuzi. Neno la Kiingereza lina kasoro iyo hiyo. Lakini sisi tuna maneno mengine karibu yetu, na tutayarudia mwishoni.

2. Faili ni nini katika Unix

Unix ilianza kutungwa mwaka 1969 katika maabara ya Bell, Marekani, na Ken Thompson pamoja na Dennis Ritchie. Katika mfumo huo, na katika mifumo iliyoufuata kama Linux, faili si kitu kimoja bali ni vitu vitatu. Kwanza kuna vipande vya diski vyenye data yenyewe. Pili kuna inodi, yaani ingizo lenye namba, linaloeleza faili ni la nani, lina ukubwa gani, na vipande vyake viko wapi. Tatu kuna jina, nalo halikai ndani ya faili wala ndani ya inodi. Hukaa katika saraka, ambayo ni orodha ya majina na namba za inodi, basi.

Aliyesimama pwani ya Bagamoyo maji yakijaa ataelewa upesi. Mashua iliyofungwa kwa kamba si kamba ile. Ikiwa imefungwa kwa kamba mbili, moja ya omo na moja ya tezi, kukata moja hakuiachii. Na hata kamba zote mbili zikikatwa, ikiwa kuna baharia majini ameshika ubavu wake, mashua haiendi popote mpaka yeye aiache.

Majina ndiyo kamba. Faili moja laweza kuwa na majina mawili au zaidi, na inodi hutunza hesabu yake. Hesabu hiyo huonekana katika safu ya pili ya jawabu la amri ls -l. Baharia ni mchakato, yaani programu inayoendelea kufanya kazi, ambayo imelifungua faili na bado haijalifunga. Amri ya kuondoa, rm, hutumia mwito wa mfumo uitwao unlink, ambao maana yake ni kufungua kiungo. Hukata kamba moja. Vipande vya diski hurudishwa kwa matumizi mengine pale tu hesabu mbili zinapofika sifuri: hesabu ya majina, na hesabu ya wanaolishika.

3. Kifaa ambacho si kifaa

Kanzidata nyingine huongeza tabaka juu ya hayo. Mfano ulio wazi ni ule wa Sybase, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1984 na kununuliwa na SAP mwaka 2010. Katika kanzidata hiyo, mahali pa kuwekea data huitwa kifaa. Zamani kifaa hicho kilikuwa kwa kawaida sehemu halisi ya diski. Lakini chaweza pia kuwa faili la kawaida katika saraka. Amri ya disk init hulitengeneza faili hilo na kuliandikisha katika daftari la ndani la seva. Tangu hapo kitu kimoja kina sura mbili: kwa seva ni kifaa, kwa Unix ni faili.

Hapo ndipo mtunza ghala hukosea njia. Akitoa amri ya sp_dropdevice, seva hukiondoa kifaa katika daftari lake, lakini haigusi faili. Faili hubaki katika saraka, kubwa vilevile, na kazi ya kuliondoa ni ya Unix. Zaidi ya hayo, mchakato wa seva waweza kuendelea kulishika faili lile mpaka seva izimwe na kuwashwa tena. Basi mtu huyo amefuta mara mbili, mara moja kwa seva na mara moja kwa rm, na bado diski imejaa. Husema faili ni sugu.

Kanzidata nyingine zina desturi zao. Oracle, ikiamriwa kuondoa eneo la meza bila kuambiwa wazi iondoe na mafaili yake, kwa kawaida huyaacha katika diski. PostgreSQL huondoa mafaili yenyewe, lakini kwa kawaida hukataa kuondoa kanzidata ambayo bado kuna mtu ameunganishwa nayo. Tofauti hizi zaonyesha kwamba hakuna kanuni moja. Kila seva yapasa kuulizwa desturi yake.

4. Sababu za usugu

Sugu kwa asili ni ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa, kama ile ya kiganja cha mvuta makasia. Haikuzaliwa nayo, kitu cha nje kimeifanya hivyo. Faili nalo ni hivyo hivyo: halina ugumu wake lenyewe. Ukikutana na faili sugu, uliza ni nini kilicholifanya sugu. Sababu zilizo nyingi ni hizi.

(a) Mchakato bado unalishika. Dalili yake ni kwamba rm hufaulu bila malalamiko, jina hutoweka, lakini nafasi hairudi. Amri ya df, inayouliza diski nzima, husema imejaa; amri ya du, inayojumlisha mafaili yenye majina, husema kuna nafasi. Tofauti kati ya hizo mbili mara nyingi ni faili lisilo na jina ambalo bado li hai. Amri ya lsof +L1 huyataja mafaili ya namna hiyo pamoja na michakato inayoyashika.

(b) Ruhusa haipo. Wengi hudhani kwamba ruhusa ya kuondoa faili ni ya faili lenyewe. Sivyo. Kwa kuwa jina limo katika saraka, na kuondoa jina ni kuibadili saraka, ruhusa inayotakiwa ni ya kuandika katika saraka. Faili laweza kuwa la kusomwa tu na bado likaondolewa. Na laweza kuwa lako wewe mwenyewe usiweze kuliondoa. Katika saraka za umma kama /tmp kuna alama ya ziada inayomzuia mtu kuondoa faili la mwenziwe. Mafaili ya kanzidata kwa kawaida ni mali ya mtumiaji wa seva, si ya mtafiti. Basi kinachofaa ni kuingia kwa jina la mtumiaji huyo, si kukimbilia mamlaka ya mtumiaji mkuu aitwaye root.

(c) Faili limetiwa alama ya kutobadilika. Katika Linux, amri ya chattr huweza kulitia faili alama ambayo hata root hawezi kuliondoa mpaka alama itolewe. Amri ya lsattr huionyesha. Yafaa kukumbuka kwamba alama hiyo haijiweki yenyewe. Kuna aliyeiweka, pengine kwa sababu nzuri. Muulize kwanza.

(d) Jina lenyewe ni gumu. Jambo hili lawahusu hasa waandikao Kiswahili. Tuseme mtafiti ameyapa mafaili yake majina ya maneno ya uvuvi aliyokusanya: dema, juya, jarife, ng'onda. Siku ya kuondoa akiandika rm ng'onda.dat, mashine haimjibu. Humwekea alama ya mstari mpya na kungoja. Sababu ni kwamba ile ritifaa ya ng' ndiyo alama ambayo ganda la amri huitumia kufungulia maneno ya nukuu, nalo linangoja alama ya kufungia. Dawa ni kuandika jina lote ndani ya alama za nukuu mbilimbili: rm "ng'onda.dat".

Liko tatizo la siri zaidi. Ritifaa huandikwa kwa namna mbili, iliyonyooka na iliyopinda, na programu za kuandikia mara nyingi huigeuza ya kwanza kuwa ya pili bila kuomba idhini. Kwa jicho la mtu ng'onda na ng’onda ni neno moja. Kwa Unix ni majina mawili. Mtu ataandika jina kwa usahihi, na mashine itamwambia hakuna faili kama hilo, hali analiona mbele yake. Vivyo hivyo jina lenye nafasi tupu mwishoni, au lenye kistari mwanzoni, ambalo rm hulidhania kuwa ni sehemu ya amri. Kistari hutatuliwa kwa kuandika rm -- kabla ya jina, au kuanza jina kwa ./ ili lisianze na kistari. Kwa magumu yote mengine kuna njia moja ya hakika: kuliacha jina na kutumia namba. Amri ya ls -li huonyesha namba ya inodi, kisha find . -inum, ikifuatwa na namba hiyo na -exec rm -i {} \; itamwuliza mtu kuhusu faili lenye namba ile. Jina lidanganyapo, namba haidanganyi.

(e) Faili liko katika mashine nyingine. Saraka zinazoshirikiwa kwa mtandao kwa njia ya NFS zina desturi ya pekee. Faili likiondolewa huku mchakato wa mashine ileile bado umelifungua, hupewa jina jipya linaloanza na .nfs na kubaki katika saraka. Ukiliondoa hilo nalo, jingine la namna hiyo hutokea. Si uchawi, ni mfumo unaojaribu kumtunzia aliyelishika faili lake. Litaondoka lenyewe mchakato ukilifunga.

5. Utaratibu unaofaa

Kwa hayo yaliyotangulia, mpango wa kuondoa kifaa cha kanzidata wafuata wenyewe. Kwanza chukua nakala ya kanzidata kwa amri ya kanzidata yenyewe, na uijaribu nakala hiyo mahali pengine. Nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu. Pili iulize seva ni kanzidata zipi zinazokaa katika kifaa hicho, maana moja yaweza kutandazwa katika vifaa vingi. Tatu zihamishe au uziondoe kwa amri za seva. Nne ondoa kifaa katika daftari la seva. Tano izime seva na kuiwasha, ili ilibwage faili.

Baada ya hapo, na si kabla, shughulika na Unix. Hakikisha kwa fuser au lsof kwamba hakuna mchakato unaolishika faili. Liangalie kwa ls -l: ikiwa herufi ya kwanza ya mstari ni l, basi ulilonalo si faili bali ni kielekezi, na rm itakiondoa kielekezi na kuiacha data palepale. Kisha usiliondoe mara moja. Libadilishe jina kwa mv, uwashe seva tena, na uache kazi iendelee siku moja au mbili. Ikiwa seva hailalamiki, liondoe kwa rm -i, ambayo huuliza kabla ya kutenda. Mwisho linganisha df ya kabla na ya baada. Nafasi ikirudi, kazi imekwisha.

6. Kinyume chake: faili lililoondolewa kwa makosa

Kanuni iyo hiyo iletayo usumbufu huweza kuokoa mkusanyo mzima, na hapa ndipo wengi hupoteza walichoweza kukipata. Tuseme mtunza ghala ameondoa faili lisilo lenyewe: si kifaa cha zamani, bali kile chenye sauti za wazee ambao baadhi yao wamekwisha kufariki. Seva inaendelea kufanya kazi, maswali yanajibiwa. Hofu humwambia aizime seva upesi. Hilo ndilo jambo moja asilopaswa kulifanya. Kamba zimekatwa, lakini baharia bado ameshika mashua. Ukimwambia aondoke, mashua imekwenda.

Lililo la haki ni kuiacha seva hai, kuwazuia watumiaji wasiongeze kitu, na kutoa mara moja nakala kwa amri ya kanzidata yenyewe, kuielekeza diski nyingine. Katika Linux kuna njia ya pili: faili lisilo na jina bado laonekana chini ya /proc, katika saraka ya mchakato unaolishika iitwayo fd, na laweza kunakiliwa kutoka huko. Lakini faili la kanzidata linalonakiliwa huku linaandikwa laweza kuwa na kurasa zisizopatana. Kwa hiyo njia hii ni ya akiba.

7. Juu ya istilahi

Tangu Jambo OpenOffice ilipotolewa mwaka 2004 kutokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Kiswahili kimezoea kuandikwa katika vioo vya kompyuta, na neno futa limekuwa la kawaida. Hatupendekezi liondolewe katika matumizi ya watu wote. Lugha haiendi nyuma kwa amri. Lakini katika miongozo ya watunzaji na mafunzo ya wanafunzi, yafaa kutenganisha mambo matatu ambayo sasa yamefunikwa na neno moja.

La kwanza ni kuondoa jina katika saraka. Tulite kuondoa, maana ndivyo lilivyo: kitu kimetoka katika orodha. La pili ni mchakato kuliacha faili ulilolishika. Kwa hili wengi husema kufunga, lakini kufunga kunachanganya, kwa sababu mashua iliyofungwa ndiyo isiyoondoka. Twapendekeza kubwaga. Neno hili halihitaji kutafutwa mbali. Mpagazi hubwaga mzigo afikapo mwisho wa safari. Na wako wanaolieleza jina la Bagamoyo, palipokuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka bara, kwa kitenzi hiki. Iwe asili ya jina ni hiyo au nyingine, kitenzi chenyewe kinafahamika kwa kila msemaji. Mchakato umebwaga faili: hakuna atakayeuliza maana yake.

La tatu ni kufuta kwa ubao, yaani kuandika juu ya vipande vya diski mpaka kilichokuwamo kisisomeke. Hili ndilo pekee linalostahili kuitwa kufuta, na si rahisi. Amri ya shred hujaribu, lakini katika diski za kisasa zisizo na sehemu zinazozunguka, mashine huweza kuandika mahali pengine na kukiacha cha kwanza palepale.

Tofauti hii si ya wanaistilahi peke yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilitungwa mwaka 2022, ikaanza kutumika mwaka 2023, na suala la kufutwa kwa taarifa za mtu limo ndani yake. Mzee wa Mlingotini aliyetoa hadithi ya ukoo wake, akaja kuomba isibaki tena mikononi mwa watafiti, ana haki ya kujibiwa kweli. Mtafiti akimwambia "tumeifuta", hali jina tu limeondolewa, seva haijabwaga, na nakala tatu ziko katika diski za akiba, basi amemwambia neno la ubao kwa tendo la masjala. Mzee ataelewa kwamba sauti yake haipo tena. Ipo.

Kwa hiyo mtunzaji na ajiulize maswali matatu kabla ya kusema kazi imekwisha: Je, jina limeondolewa? Je, wote waliolishika faili wamelibwaga? Je, data yenyewe imefutwa, au imeachwa tu bila jina? Akiweza kujibu yote matatu kwa Kiswahili kilicho wazi, faili halitakuwa sugu tena, na aliyetuamini na maneno yake hatakuwa amedanganywa.